Kijito cha Stanmore na kiwanja cha Pugu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya Krismasi, na shangazi ameshanipigia simu kuuliza kama nimeolewa na mzungu kimyakimya. Sijaolewa, shangazi. Ni zamu za usiku tu, tena mfululizo, na mtu akitoka zamu huku Ukerewe anachotafuta ni kitanda, si kompyuta.

Leo nimekaa niandike kwa sababu ya ujumbe wa mdogo wangu. Kwa wale ambao hamna habari: nyumba ya Mama kule Kigogo, bondeni, imeshabomolewa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi. Fidia ameipata, na kwa sasa amejihifadhi kwa shangazi Gongo la Mboto. Sasa mdogo wangu amepata kiwanja. Ameniandikia kwa furaha kweli: "Dada, ni Pugu, pembeni kabisa ya msitu, hewa safi, bei ya kutupa, dalali anataka pesa wiki hii." Akaniomba niongezee kidogo juu ya fidia ya Mama ili tumalize. Akatuma na picha nne.

Sijamjibu hadi leo. Nilitaka kwanza nitembee, maana mimi nikitaka kufikiri huwa natembea. Na huko nilikotembea kuna historia ambayo nimeona niwasimulie wote, halafu mwisho ndipo nimjibu mdogo wangu. Mwenye haraka asubiri, chai ipo.

Nimepanga chumba hapa Stanmore, kaskazini magharibi mwa London. Ni mwisho wa reli: treni ya laini ya Jubilee ikifika hapa haina pa kwenda tena, inageuza. Ukitoka stesheni ukapanda kilima, nyuma ya nyumba kuna msitu unaitwa Bentley Priory. Ni hifadhi ya asili yenye hekta zaidi ya 50, ina mialoni mikubwa, majani ya malisho yenye ng'ombe wakati wa kiangazi, na sehemu yenye uzio ambamo kulungu wanakula mkononi mwako ukiwapelekea karoti. Kuna mwaloni mmoja wanauita Mwaloni Mkuu, wanasema umri wake umepita miaka 500. Mara ya kwanza kusimama chini yake nilifanya hesabu: ulikuwa mti tayari wakati Wareno wanajenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593.

Wiki iliyopita nilitoka zamu asubuhi, nikabadilisha viatu, nikavaa mabuti ya mvua na kwenda moja kwa moja. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Njia zote ni tope, na katikati ya tope unasikia maji. Hayo maji ndiyo nataka myaone pamoja nami.

Kilima cha Stanmore juu kina changarawe na chini kina udongo wa mfinyanzi mzito, ule ule ambao Warumi waliufinyangia vyungu pale Brockley Hill karibu miaka 1,900 iliyopita. Mvua ikinyesha, changarawe inayanywa maji. Yakifika kwenye mfinyanzi yanakwama, yanatafuta upenyo pembeni, yanatokeza kama chemchemi. Hata jina Stanmore kwa Kiingereza cha kale maana yake ni dimbwi la mawe. Ndani ya hifadhi kijito chake ni chembamba, unakiruka kwa hatua moja. Kikishuka kinaitwa Edgware Brook, kinakutana na mwenzake, wanakuwa Silk Stream, unaoingia kwenye bwawa la Welsh Harp. Kutoka hapo ni mto Brent, na Brent unamwaga kwenye Thames. Maana yake ni kwamba tone ninalolikanyaga mimi kwa buti huku juu, kwa njia ndefu, linapita London na kufika baharini.

Kwa wale waliowahi kulazwa nitawaeleza kiuguzi. Msitu ni kama dripu. Mvua ni ile chupa iliyoning'inia, na mizizi, majani yaliyooza na udongo laini ndiyo kile kigurudumu cha kupunguzia kasi. Mgonjwa anapata maji yale yale, lakini tone kwa tone. Ukikata msitu umefungulia chupa nzima kwa dakika tano. Mzee mwenye moyo dhaifu ukimfanyia hivyo atazama akiwa kitandani. Mto nao ni hivyo hivyo.

Basi swali langu lilikuwa hili: mji kama London, uliokula kila kitu kilichokuwa mbele yake, uliuachaje msitu huu? Jibu si kwamba Wazungu wanapenda miti kuliko sisi. Jibu ni historia, na si yote ni nzuri.

Kwa karne nyingi msitu ulibaki kwa sababu wenye nacho waliufungia. Jina Priory ni la nyumba ndogo ya watawa wa Mtakatifu Augustino waliokuwa hapa tangu enzi za kati. Mfalme Henry VIII alipovunja nyumba za watawa katika karne ya 16, ardhi ikaanza kupita mikono ya matajiri. Mwaka 1788 bwana mkubwa mmoja, Marquess wa Abercorn, alimwita msanifu majengo John Soane amkuzie nyumba iwe kama kasri. Walter Scott na Wordsworth walikuwa wageni wake. Watu kama sisi tungeingia humo kwa mlango wa jikoni tu, na anayeingia kuiba kulungu alikuwa na kesi ya kujibu.

Halafu akaja mpangaji ambaye anatuhusu kidogo. Malkia Adelaide, mjane wa Mfalme William IV, alipanga nyumba hii akiwa mgonjwa. Alizaa watoto wa kike wawili na wote walifariki wachanga, ndiyo maana kiti kilikwenda kwa Victoria, mtoto wa shemeji yake. Adelaide alifia humu Bentley Priory tarehe 2 Desemba 1849. Aliacha maagizo kwamba asizikwe kwa makuu, na jeneza lake libebwe na mabaharia, kwa heshima ya mumewe aliyekuwa mwanamaji. Sasa huyo mumewe, mwaka 1836, ndiye aliyepokea zawadi kutoka kwa Sayyid Said wa Oman na Zanzibar: manowari nzima yenye mizinga zaidi ya 70, iliyoundwa Bombay. Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum, kwa heshima ya aliyeitoa, na yeye akapewa jahazi la kifahari la kifalme kama shukrani. Siku nilipolijua hili nilicheka peke yangu msituni. Mjane wa yule aliyeletewa meli na sultani wa Zanzibar alifia hapa hapa ninapopita na mabuti yangu ya tope. Dunia ni ndogo, na sisi tulikuwa ndani yake kabla hatujaomba viza!

Jiwe la msingi la Kanisa la Mtakatifu John hapa Stanmore liliwekwa yeye akiwepo, mwaka ule ule wa kufa kwake. Pembeni yake limeachwa kanisa la zamani la matofali la mwaka 1632, halina paa, limebaki kuta tu. Mkija nitawapeleka.

Baada ya malkia mambo yakashuka. Tajiri mmoja wa hoteli, Frederick Gordon, aliinunua nyumba akaifanya hoteli mwaka 1885. Akajenga hata reli yake kutoka Harrow ili wageni wafike, ikafunguliwa mwaka 1890, na stesheni ikatengenezwa kama kanisa la kijijini ili isiharibu mandhari. Wageni hawakufika wa kutosha. Baadaye ikawa shule ya wasichana, nayo ikafungwa. Mwaka 1926 shamba zima likakatwa vipande na kuuzwa.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo msitu ungekufa.

Miaka ile London ilikuwa inavimba kama Dar yetu. Kufikia mwaka 1939 ilikuwa na watu milioni 8.6. Makampuni ya reli yalikuwa yanapeleka treni mashambani, na popote treni ilipofika nyumba zilifuata: mistari kwa mistari, zote sura moja, zote na kibustani. Treni ya Stanmore ilifunguliwa tarehe 10 Desemba 1932. Kwa hiyo mnaona hali: shamba la msitu limekatwa vipande, reli imefika chini ya kilima, madalali wako kazini. Ilibaki shoka tu.

Kilichookoa ni pesa na sheria, na vyote vilikuja kwa wakati. Mwaka 1935 Halmashauri ya London ilitangaza kutoa paundi milioni 2 kuzisaidia halmashauri za jirani kununua ardhi ya pembezoni isijengwe. Halmashauri ya Middlesex ikanunua sehemu ya mbuga ya Bentley Priory miaka hiyo hiyo ya 1930. Mwaka 1938 ikapitishwa sheria ya Ukanda wa Kijani: ardhi iliyonunuliwa kwa mpango ule haiuzwi wala haijengwi hivi hivi bila ruhusa ya juu. Mwaka 1947 sheria nyingine ya mipango miji ikafunga mlango zaidi. Middlesex yenyewe iliondolewa mwaka 1965, lakini ardhi haikurudi kwa madalali. Leo ni mali ya umma chini ya Halmashauri ya Harrow, na wanaofyeka njia na kuondoa magugu wengi ni watu wa kujitolea, wazee waliostaafu. Wananisalimia kila nikipita: "Morning, nurse!"

Angalieni neno moja hapo: walinunua. Hawakumfukuza mtu kwa tingatinga, na hawakusubiri mpaka watu wajenge kwanza. Waliwahi.

Nyumba yenyewe na bustani zake zilichukuliwa na jeshi la anga. Mwezi Julai 1936 ikawa makao makuu ya kamandi ya ndege za kivita, chini ya Hugh Dowding. Mwaka 1940, Wajerumani walipokuja na ndege zao, habari zote za rada kutoka pwani zililetwa kwanza kwenye kilima hiki, katika chumba cha chini ya ardhi, zikachujwa ipi kweli ipi si kweli, halafu zikatumwa viwanjani marubani waruke. Waliosogeza vile vibao juu ya meza ya ramani wengi walikuwa wasichana wadogo, usiku na mchana kwa zamu. Nilipotembelea makumbusho yaliyofunguliwa humo mwaka 2013 nilisimama sana mbele ya picha zao. Ile sura ya saa kumi alfajiri naijua. Jeshi liliondoka mwaka 2008, na sehemu kubwa ya nyumba sasa ni makazi ya watu wenye pesa.

Vita hiyo ilisaidia msitu kwa njia moja ambayo hakuna aliyeipanga. Kulikuwa na mpango wa kurefusha treni ya Northern kutoka Edgware kupanda mpaka Bushey Heath, upande wa pili wa kilima chetu. Kazi ilianza, vita ikaisimamisha. Vita ilipokwisha, Ukanda wa Kijani ulikuwa umeshakataza nyumba zilizotegemewa kuleta abiria. Treni bila abiria ya nini? Mpango ukaachwa. Mpaka leo pale Brockley Hill kuna nguzo na matao ya matofali yamesimama uwanjani, ya stesheni ambayo haikupokea treni hata moja. Nimeyagusa kwa mkono. Ni kitu cha ajabu kuona mahali ambapo mji ulisimamishwa.

Msidhani nawasifia Wazungu kupita kiasi. Huko chini waliharibu sana. Mto Fleet, uliokuwa unapita katikati ya London, waliugeuza dampo, halafu wakaufunika ukawa mfereji wa maji machafu, na leo watu wanatembea juu yake hawajui. Kiangazi cha mwaka 1858 Thames ulinuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni, ndipo pesa za mabomba makubwa zikapatikana haraka. Mwaka 1957 wataalamu walisema sehemu ya Thames inayopita mjini haina uhai. Na kijito chetu hiki nacho kina historia: bwawa la Welsh Harp lilijengwa mwaka 1835 ili kulisha mifereji ya meli. Januari 1841, baada ya mvua za mfululizo, ukuta wake ukapasuka na maji yakashuka mpaka Brentford, watu wakafa. Mpaka sasa Silk Stream unafurika Edgware na Colindale, na halmashauri za Barnet na Harrow zimekuwa na mradi wa kupunguza hayo mafuriko. Sehemu ya dawa wanayotumia ni ya kizamani kabisa: kuyashikilia maji huko juu, kwenye madimbwi na ardhi yenye majani, yasishuke yote kwa mara moja.

Na kuna gharama ambayo mimi naijua kila mwisho wa mwezi. Ardhi isiyojengwa inafanya ardhi iliyojengwa iwe ghali. Kodi ya chumba changu kimoja nikiitaja hapa Mama ataniambia nirudi nyumbani kesho. Vijana wa hapa hapa London wanalalamika kwamba Ukanda wa Kijani umewanyima nyumba, na hawasemi uongo. Msitu una bei, na lazima mtu ailipe. Ndiyo maana sipendi mtu anayesema "tunzeni misitu" halafu hasemi nani alipe.

Haya, sasa twende nyumbani.

Sisi tuliokulia bondeni tuliujua Msimbazi kama mto wa Jangwani na Kigogo: mweusi, wenye mifuko na harufu. Hakuna aliyetuambia unatoka wapi. Unatoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Huko juu ni kijito chembamba kama hiki cha Stanmore, katika mabaki ya msitu wa kale wa pwani ambao una miti na viumbe visivyopatikana popote duniani isipokuwa ukanda wetu. Msitu wa Pugu na mwenzake wa Kazimzumbwi uliwekewa mipaka tangu enzi za mkoloni, na siku hizi ni hifadhi ya mazingira asilia. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Pugu miaka ya 1950, kabla hajaacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, na kutoka kule wakati huo mjini palikuwa mbali. Sensa ya mwaka 1967 Dar nzima haikufikisha watu laki tatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5. Watu hao wanapika kwa mkaa, wanajenga kwa nguzo na mchanga, na wanatafuta pa kulala. Msitu wa karibu ni upi? Jibu mnalo.

Desemba 2011, siku chache baada ya nchi kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, mvua ilinyesha kuanzia tarehe 20, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikasema mvua ya namna ile haikuonekana Dar tangu mwaka 1954. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi Muhimbili. Kutoka kule juu Upanga nililiona bonde lote la Jangwani limekuwa bahari ya rangi ya chai ya maziwa, na mapaa yanaonekana kama migongo ya viboko. Simu ya Mama haipatikani. Nilishinda wodini nafunga vidonda vya watu niliokuwa nawatazama usoni kwanza kama ni majirani zetu. Watu wapatao 40 walikufa jijini. Mama alipatikana jioni, yuko juu ya ukuta wa jirani na Biblia na mfuko wa sukari. Mpaka leo hajasema kwa nini sukari.

Baadaye familia nyingi zilipelekwa Mabwepande. Wengine walibaki, Mama akiwemo, maana genge lake lilikuwa pale na wateja walikuwa pale. Mafuriko yakarudi tena na tena. Sasa umekuja huu mradi mkubwa wa bonde, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, na nyumba zimeondoka. Na watu wa bondeni wanahama. Wanakwenda wapi? Wengi wanakwenda penye ardhi ya bei rahisi. Na ardhi ya bei rahisi iko wapi? Iko juu, pembeni ya msitu, kwenye chanzo cha mto ule ule uliowafukuza.

Mdogo wangu, sasa nakujibu wewe. Usikasirike.

Zile picha nne nimeziangalia usiku wakati wa mapumziko, nikazikuza kwenye simu. Ya kwanza unaonekana wewe unacheka. Ya pili ni barabara. Ya tatu kuna visiki vibichi, nimehesabu kumi na moja, bado vina utomvu. Ya nne, nyuma ya bega la dalali, kuna bikoni ya zege ina rangi nyeupe. Dalali amesimama upande wa ndani. Wewe uliona kiwanja, mimi nimeona mpaka wa msitu na mtu anayeuza kilichoko ndani yake. Huenda nimekosea, picha ni picha. Lakini bei ya kutupa mara nyingi ni ya kitu cha kutupwa.

Najua utasema dada ameshiba, anaishi Ulaya penye msitu na kulungu, sisi anatukataza. Una haki ya kusema. Mimi siku hizi nalala kwenye mji uliofika ukomo wake kwa sababu watu wa mwaka 1938 waliamua. Wewe unatafuta pa kumlaza Mama mwaka huu, na hakuna aliyekununulia chochote mapema. Si haki. Lakini isiwe haki ama iwe, maji hayaangalii. Tukikata huku juu, kuna mama mwingine huko chini, Vingunguti au Kigogo, atapanda juu ya ukuta na mfuko wa sukari. Sisi tulikuwa yule mama. Hatuwezi kujifanya hatumjui.

Kwa hiyo pesa ya kiwanja hicho sitatuma. Pesa yenyewe ipo, na nitaiongeza kwa zamu mbili za ziada mwezi ujao. Nenda kwanza ofisi ya ardhi ya wilaya pale Kisarawe, na ofisi ya misitu, uwaonyeshe picha na uulize bikoni ile ni ya nini. Usiende na dalali. Halafu tafuta kiwanja kilichopimwa, chenye namba, hata kikiwa nusu ya hicho, hata kikiwa mbali na lami. Ukikipata nipigie hata kama ni usiku wa manane, kwangu huo ni wakati wa kazi, nitapokea.

Nimeongea na Mama jana. Nilidhani ataniona mkorofi. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, maji yameshanikimbiza. Sitaki na serikali inikimbize tena uzeeni." Halafu akauliza kama huku kulungu wanaliwa. Nikamwambia hapana, wanalishwa karoti. Akasema hayo ni maajabu.

Haya ndugu zangu, nimeandika mpaka vidole vimechoka, na saa moja na nusu naingia zamu. Wasalimieni wote Gongo la Mboto. Shangazi, asante kwa kumtunza Mama. Na wewe mdogo wangu, jibu ujumbe, usinune.

Mungu awabariki. Tutaonana panapo majaliwa.